Kutoka Murayama hadi Kochi: Kwenye Njia ya Iaido

Ryogoku

Ukiuliza Tokyo upanga wa Kijapani unaonekana wapi, utaelekezwa Ryogoku, mtaa wa wanamieleka wa sumo ulio kando ya mto Sumida. Ubavuni mwa bustani ya kale ya Yasuda pana makumbusho ya panga, yaliyohamia hapo mwaka 2018. Nilianzia huko kwa makusudi, maana nilitaka kukiona chuma kabla sijawaona watu wake.

Panga zimelazwa juu ya kitambaa cheupe, hazina mpini wala ala, makali yakielekea juu. Ukizitazama ukiwa umesimama wima huoni zaidi ya chuma kilichong'arishwa. Inama kidogo, mpaka mwanga wa taa uteleze juu ya bapa, na hapo mstari mweupe kama ukungu unajitokeza sambamba na makali, ukipanda na kushuka kwa mawimbi. Kila ukoo wa wahunzi ulikuwa na mawimbi yake. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami aliinama na kuinuka mbele ya upanga mmoja kwa muda mrefu sana, midomo ikimchezacheza.

Panga za zamani zaidi, zilizotumiwa na wapanda farasi, zilining'inizwa kiunoni makali yakielekea chini. Zilizofuata, ambazo leo zinaitwa katana, zilichomekwa ndani ya mshipi makali yakielekea juu. Badiliko hilo dogo ndilo lililoifungulia mlango sanaa niliyoifuata. Makali yakiwa juu, mkono unaoufuta upanga huwa tayari unakata. Iaido ni hiyo: kuufuta upanga na kukata kwa mwendo mmoja, kisha kuurudisha alani kwa uangalifu uleule. Anayefanya mazoezi yuko peke yake. Adui yumo akilini, amepewa umbali, urefu na nia yake.

Siwezi kuzitazama panga hizi nikanyamaza kuhusu upande wao mwingine. Mwaka 1944 wazee wetu wa King's African Rifles, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliteremka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika ya nchi ile, wakipambana na jeshi ambalo maofisa wake walibeba upanga kiunoni. Huko China na Asia ya Kusini-Mashariki upanga huo uliwaua wafungwa na raia wasio na silaha. Vita vilipokwisha, majeshi ya Marekani yaliyoitawala Japani yalizikusanya panga kwa wingi na nyingi zikaangamizwa. Zilizobaki ziliruhusiwa kama kazi za sanaa, na mpaka leo kila upanga una cheti cha usajili kinachotolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Anayependa sanaa hii na alibebe na hili.

Niliondoka Ryogoku na hoja moja kichwani, na safari yote iliyofuata ilizidi kuikaza: iaido haikuzaliwa Tokyo, wala si Tokyo iliyoiokoa. Ilizaliwa katika bonde la mbali la kaskazini na ikatunzwa katika mkoa wa kusini uliotengwa na milima na bahari. Ndiko nilikokwenda.

Murayama

Treni ya Yamagata ikifika Fukushima huiacha njia kuu ya kaskazini na kuanza kupanda milima, na mwendo wake wa kasi unaisha hapo. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Kwenye mlima wa Itaya theluji ilikuwa bado imelala chini ya miti. Tuliposhuka upande wa pili tulipokewa na bonde la matunda, micheri imechanua hadi kwenye kuta za nyumba. Tulipita Tendo, mji unaochonga vipande vya mchezo wa shogi, kisha Higashine, kisha nikashuka Murayama.

Mto Mogami unapita hapo, na mwezi huo ulikuwa umejaa maji ya theluji, rangi ya majivu, ukienda kwa nguvu. Zamani mashua zilizobeba mchele na maua ya benibana ziliteremka mto huu mpaka bandari ya Sakata, na katika eneo la Murayama zilikuta sehemu tatu za miamba zilizoogopwa na manahodha: Goten, Mikanose na Hayabusa. Magharibi umesimama mlima Hayama, na nyuma yake Gassan, mweupe wote.

Hekalu la iai liko kitongoji cha Hayashizaki. Halina ukubwa wa kumtisha mtu. Linamtukuza mtu mmoja, Hayashizaki Jinsuke Shigenobu, aliyezaliwa hapo katikati ya karne ya 16, Japani ilipokuwa imegawanyika kwa vita vya mabwana. Watu wa hapo husimulia kwamba Jinsuke alikuwa bado mtoto baba yake alipoviziwa usiku na kuuawa. Mtoto akakua na kazi moja, kulipa kisasi. Alikwenda kuomba mbele ya mungu wa mahali hapo, siku hata siku, akijifunza kuufuta upanga, mpaka siri yake ikamjia ndotoni. Kisha akasafiri hadi Kyoto akamwua muuaji wa baba yake.

Sina njia ya kupima kisa hicho, wala wenyeji hawakunisukuma nikiamini. Lililonishika ni jambo ambalo mtindo wa Hayashizaki unalifundisha hadi leo. Wanafanya mazoezi na upanga mrefu, wa kama mita moja, wakiwa wamekaa goti kwa goti na mtu mwenye kisu kifupi. Mwenye akili ya kawaida atasema mwenye kisu ndiye mwenye nafasi, kwa kuwa upanga wa urefu huo utatokaje alani katika nafasi finyu hivyo? Jibu lote la Jinsuke limo humo. Kiuno kinazunguka, ala inavutwa nyuma, mwili wenyewe unaipisha silaha. Kijana aliyetaka kumwua mtu mkubwa ilimpasa alitafute jibu la swali hilo kabla ya mengine yote.

Siku iliyofuata nilipewa mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Alinifunga mshipi mrefu unaozunguka kiuno mara kadhaa, juu yake ikaja hakama, ile suruali pana yenye mikunjo. Upanga wa mazoezi ulikuwa wa mchanganyiko wa zinki na alumini, hauna makali, ila uzito na umbo lake ni la kweli. Haupenyezwi popote tu. Huingizwa kati ya tabaka za mshipi upande wa kushoto, ili ala iweze kuteleza. Kabla ya hapo tulikaa chini, tukaulaza upanga mbele yetu na kuuinamia.

Kisha akanionyesha mkao wa kwanza, unaoitwa Mae. Amepiga magoti, amekalia visigino, mikono mapajani. Mbele yake, kwa kadiri ya hatua mbili, amekaa adui asiyeonekana. Anavuta pumzi, anaitoa, na mikono yote miwili inakwenda kwenye upanga bila pupa. Kidole gumba cha kushoto kinausukuma ule mduara wa chuma ulio kati ya mpini na bapa, na upanga unalegea kidogo tu mdomoni mwa ala. Makalio yanainuka. Upanga unatoka polepole, kisha kwa kasi, na inchi za mwisho zikitoka ala inavutwa nyuma kwa mkono wa kushoto, mguu wa kulia unapiga sakafu, na ncha imekwisha kupita mbele ya uso wa adui kutoka kushoto kwenda kulia. Anaupandisha juu ya kichwa, anasogea, anakata chini mpaka usawa wa kitovu. Anaukung'uta kana kwamba una damu. Anasimama, bado anamtazama aliyeanguka. Mwisho anaurudisha alani pole pole, goti likishuka sambamba na chuma kinavyoingia.

Mgeni hutazama mkono wa kulia. Mwalimu alinitaka nitazame wa kushoto, ule unaoishika ala, kwa kuwa huo ndio unaofanya kazi. Mkono wa kulia unangoja tu upanga uachiliwe. Nilipojaribu nilihisi maana yake begani na kiunoni. Mkono wa kushoto ukizembea, upanga unakwama. Ukivuta kwa wakati wake, chuma kinatoka chenyewe. Asubuhi nzima tulifanya Mae peke yake, na sikuchoka nayo.

Mchana tulikula soba, tambi za ngano nyeusi, ambazo upande huu ni nene, zenye rangi ya udongo na za kutafunwa kwelikweli. Hupangwa juu ya sanduku la ubao, nyingi, kila mtu akichota za kwake na kuzichovya kwenye mchuzi baridi. Pembeni waliweka samaki wa heringi aliyepikwa kwa miso, na machipukizi ya mlimani yaliyochunwa baada ya theluji kuyeyuka, yamekaangwa ndani ya rojo jepesi la unga. Yana uchungu kidogo. Wenyeji huungoja uchungu huo kipindi chote cha baridi.

Kyoto

Maua ya benibana yaliyopita kwenye miamba ya Mogami yalisafirishwa kwa meli mpaka yakafika Kyoto, yakawa rangi ya nguo za hariri na ya midomo ya wanawake. Mimi nami nilishuka njia hiyo, kwa treni, nikafika mwanzoni mwa Mei.

Karibu na hekalu la Heian, mtaa wa Okazaki, liko jumba la mbao liitwalo Butokuden. Lilijengwa mwaka 1899 na Dai Nippon Butoku Kai, chama kilichoundwa mwaka 1895 kukusanya sanaa za kivita zilizokuwa zinayeyuka. Sababu ya kuyeyuka ilijulikana: mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kuvaa upanga hadharani, isipokuwa kwa askari, polisi na katika sherehe maalumu. Tabaka la samurai likabaki na ujuzi usio na kazi. Wengine waliuza panga zao wakanunua chakula.

Chama hicho kiliokoa mengi, na kadiri miaka ilivyokwenda kikaingia mikononi mwa utawala wa vita, sanaa zikawa chombo cha kuwatayarisha vijana kufa na kuua. Kilivunjwa mwaka 1946. Jumba lilibaki. Mwaka 1952 likaundwa Shirikisho la Kendo la Japani Yote, na mwaka 1969 shirikisho hilo likatoa mikao 7 ya iaido iliyochaguliwa kutoka mitindo mbalimbali, ili watu wa mitindo tofauti wawe na msingi mmoja. Mikao 3 iliongezwa mwaka 1980 na 2 mwaka 2000. Hiyo 12 ndiyo inayofanywa leo katika mitihani ya madaraja, kutoka Hokkaido mpaka Ulaya na Amerika.

Kila mwanzo wa Mei wataalamu wa nchi nzima hukusanyika Butokuden kuonyesha sanaa zao. Hakuna mshindi anayetangazwa. Watu huingia kwa zamu, wanafanya walichokuja kufanya, wanatoka. Nilikaa chini pembeni, karibu na nguzo, sakafu ya mbao ikitikisika kila mguu ulipopigwa. Wazee wa daraja la nane, ambalo ndilo la juu zaidi linalotolewa leo, waliingia wamevaa kimono nyeusi zenye alama za koo zao. Wapo waliokuwa na magoti mabovu. Uliona jinsi walivyoshuka kwa hesabu. Lakini upanga ulipotoka, hakuna aliyeuona ukianza. Mzee mmoja alimaliza kukata akakaa akimtazama adui wake aliyelala sakafuni kwa muda uliozidi wa wengine wote, na ukumbi mzima ukamwangalia adui huyo pamoja naye. Nimetazama ngoma, tamthilia na mashindano mengi, na sijaona mtu mmoja akiujaza uwanja mtupu kwa kiasi kile.

Kwenye mkahawa wa jirani nililetewa soba yenye heringi juu yake. Samaki huyo ni wa bahari ya kaskazini. Zamani alifika Kyoto akiwa mkavu, ndani ya meli zilizozunguka pwani ya magharibi.

Osafune

Ulipo mto Yoshii, mkoa wa Okayama, mashamba ya mpunga yamelala tambarare na nyumba zina vigae vya kijivu. Hapa ni Bizen ya zamani. Kwa karne nyingi kijiji cha Osafune kilifua panga nyingi kuliko mahali pengine popote Japani, kwa sababu mto ulileta mchanga wa chuma na mkaa kutoka milima ya Chugoku, na barabara kuu ilipita karibu ikileta wanunuzi. Mwishoni mwa karne ya 16 mafuriko makubwa ya Yoshii yalikifagilia kijiji, na utukufu wake haukurudi tena.

Leo yapo makumbusho, na uani zipo karakana ambamo wahunzi, wanoaji na watengeneza ala hufanya kazi huku wageni wakitazama. Niliwaona wahunzi wakikikunja chuma chekundu na kukiponda, kukikunja na kukiponda tena, kama mpishi wa chapati anavyokunja unga uliopakwa mafuta ili upate tabaka. Mikunjo kumi na kitu huzaa tabaka maelfu. Baadaye bapa hupakwa udongo, mnene mgongoni na mwembamba kwenye makali, likachomwa na kutumbukizwa majini. Makali yanapoa haraka, yanakuwa magumu na kuvimba kidogo, na upanga unajipinda wenyewe ndani ya maji. Ule mstari wa ukungu niliouona Ryogoku unazaliwa wakati huo, pale chuma kigumu kinapokutana na laini.

Sheria ya Japani inamtaka mhunzi ajifunze chini ya bwana wake kwa miaka isiyopungua 5 kabla ya kupewa leseni, na akishaipata haruhusiwi kufua zaidi ya panga ndefu 2 kwa mwezi. Mwaka 2020 mji wa Setouchi, ambao Osafune ni sehemu yake, ulinunua upanga mmoja wa karne ya 13, Sanchomo, kwa yeni milioni 500, fedha zilizokusanywa kwa michango. Upanga huo ni hazina ya taifa, na watu walichanga ili uishi kulikofuliwa.

Aliyenishika zaidi ni mtengeneza ala. Alikuwa na vipande viwili vya mti wa honoki, mti wa jamii ya manolia, mwepesi na usio na utomvu unaodhuru chuma. Anavichimba kila kimoja kwa patasi kufuata umbo la upanga mmoja, maana ala ya upanga mmoja haiufai mwingine. Kisha anaviunganisha kwa gundi ya wali uliopondwa. Nilishangaa: kitu kitakachobeba silaha kali namna hii kinagandishwa kwa wali? Akaeleza kwamba siku moja ndani patachafuka au pataingia kutu, na fundi atakayekuja atalazimika kuipasua ala na kuisafisha bila kuiharibu. Gundi yenye nguvu kuliko mti ingeivunja. Nikaukumbuka mkono wa kushoto wa mwalimu wangu wa Murayama. Ukali wote wa iaido unategemea mgongo wa chuma uteleze juu ya mti huu laini bila kuugusa kwa makali, mara elfu na elfu.

Kochi

Kutoka Okayama treni huvuka bahari ya ndani juu ya daraja kuu la Seto, lililofunguliwa mwaka 1988, visiwa vikiwa chini kila upande. Kisha inaingia Shikoku na kuzama katika milima. Bonde la Oboke ni jembamba, mto wake wa kijani kibichi, na mahandaki yanafuatana hata mtu unaelewa kwa nini Tosa, jina la kale la mkoa huu, ilijiona nchi peke yake.

Sanaa ya Jinsuke ilifika hapa mwishoni mwa karne ya 17. Aliyeileta ni Hayashi Rokudayu, mtumishi wa bwana wa Tosa, aliyejifunza huko Edo, Tokyo ya zamani, alipokuwa na bwana wake. Kumbukumbu za mtindo humtaja kuwa msimamizi wa jiko. Nalipenda jambo hilo. Sanaa iliyoanza na mtoto wa kisasi ilitiwa katika mizigo ya mtu aliyejua visu vya samaki na mchele wa karamu, ikaja kukaa nyuma ya milima hii kwa takribani miaka mia mbili, ikifundishwa hasa watu wa Tosa.

Marufuku ya 1876 nusura yaiue. Husimuliwa kwamba Itagaki Taisuke, mwanasiasa mkubwa wa mkoa huu aliyepigania bunge na haki za wananchi, alisikitika alipoona walivyobaki wachache wanaoijua, akahimiza ifundishwe tena. Oe Masamichi, aliyezaliwa mwaka 1852, aliifundisha kwa wanafunzi wa shule za Kochi na kuipanga upya: mikao 11 ya kukalia visigino, 10 ya kukaa goti moja limeinuka, na juu yake 21 ya ndani zaidi. Upangaji huo ndio mtindo uitwao Muso Jikiden Eishin-ryu. Nakayama Hakudo, ambaye hakuwa mtu wa Tosa, aliupata ujuzi wa tawi jingine kwa walimu wa hapa akaupeleka Tokyo, na njia yake ikaitwa Muso Shinden-ryu. Wengi wanaofanya iaido duniani leo wanatoka katika moja ya njia hizo mbili. Laiti wazee wachache wa Kochi wangekufa mapema kidogo, hakuna makumbusho ambayo yangeweza kuirudisha, kwa kuwa upanga uliolazwa kitambaani hauonyeshi unavyofutwa.

Jumapili asubuhi nilitembea katika soko linaloanzia lango la ngome ya Kochi na kuifuata barabara kwa takribani kilometa moja. Lina zaidi ya miaka 300. Tangawizi, ndimu za yuzu, miche ya maua, keki za viazi vitamu vya kukaanga, na katikati yake meza za wahunzi wa Tosa: visu, mundu, shoka za kukatia matawi, vyote vyeusi vya nyundo isipokuwa makali. Mkoa huu haujaacha kufua.

Jioni nilikwenda dojo, ukumbi wa mazoezi. Walikuwepo wanafunzi wa sekondari wawili, mstaafu wa benki, mvuvi, na msichana Mfaransa aliyehamia mjini kwa ajili ya mtindo huu tu. Walifanya ile mikao ya goti moja. Kuikaa kwenyewe ni adhabu kwa asiyeizoea: mguu mmoja umekunjwa chini ya mwili, mwingine umesimamishwa upande, na mtu anatakiwa aonekane ametulia. Kasi hapa ni ndogo kuliko niliyoiona Kyoto na uzito ni mkubwa zaidi. Mwalimu, mzee wa zaidi ya miaka themanini, alipita katikati yao bila kusema sana, akimgusa huyu kiwiko, yule ukingo wa ala.

Baada ya mazoezi walinichukua kula katsuo, samaki wa jamii ya jodari, anayebabuliwa juu ya moto wa nyasi za mpunga mpaka ngozi iwe nyeusi na ndani abaki mwekundu. Hukatwa vipande vinene, huliwa kwa chumvi na vitunguu saumu vibichi. Ndipo ubishi ulipoanza. Mwalimu alisema Oe alikuwa akiuweka mguu wa nyuma hivi katika mkao wa nne. Mvuvi, ambaye babu yake alisoma shule aliyofundisha Oe, alisema la, aliuweka vile, na babu yake alimwonyesha. Mzee akainuka, akapisha viti, akachuchumaa katikati ya mkahawa kuonyesha. Mvuvi naye akashuka sakafuni. Msichana Mfaransa akatoa daftari. Mhudumu aliyekuwa anapita na sahani aliwazunguka kwa mazoea, akaweka samaki mezani, naye akatoa maoni yake: mwalimu amekosea.

Wakaagiza sahani nyingine, na ubishi ukaanza upya.